Bata mzinga wa halali kwa mama mkwe Myahudi: jibu kwa msomaji anayeandaa Sikukuu ya Shukrani

SWALI: "Mimi ni Mkenya kutoka Kilifi, nimeolewa na Mmarekani Myahudi na tunaishi New Jersey. Mume wangu si mtu wa dini sana, anakula chochote. Lakini mama yake anafuata kosheri, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, nyumbani kwake, na wifi yangu na mumewe ni washika dini hasa. Mwaka huu Sikukuu ya Shukrani ya Novemba (Thanksgiving) itafanyika kwetu kwa mara ya kwanza, wote wameshakubali kuja, tutakuwa watu kumi na wawili. Nimepanga kununua bata mzinga kwenye duka la halali, kwa sababu najua hawali nguruwe na nyama lazima iwe ya kuchinjwa. Nataka pia kuwapikia pilau, samaki wa kupaka, na viazi vya kuponda vyenye siagi kama wanavyofanya Wamarekani. Sasa rafiki yangu wa kazini ananiambia nisijisumbue, eti sikukuu hiyo ni ya Kikristo na Myahudi wa kweli haiadhimishi. Nimechanganyikiwa. Sitaki kumwaibisha mume wangu, na sitaki watu wakae mezani kwangu wasile. Nifanyeje?"

JIBU: Dada yangu, hongera kwa kupewa mkutano huo. Nimelisoma swali lako mara mbili na naona hofu mbili zimefungwa pamoja: kwanza, kama siku yenyewe inafaa, pili, kama chakula chako kitalika. Hofu ya kwanza nitakutoa haraka. Ya pili ina kazi, na baadhi ya mipango yako itabidi uibadilishe kabla hujatoa hata dola moja. Nimepika miaka mingi katika majiko ya kosheri hapa Marekani, chini ya wasimamizi wa Kiyahudi, kwa hiyo nakuandikia mambo ya jikoni ninayoyajua. Mimi si rabi, na mahali panapohitaji rabi nitakuambia.

Tuanze na siku. Sikukuu ya Shukrani ilitangazwa na serikali, si na kanisa. George Washington aliwatangazia Wamarekani washukuru Alhamisi ya Novemba 26, 1789, na siku hiyohiyo Gershom Mendes Seixas, aliyeongoza ibada katika sinagogi ya Shearith Israel mjini New York, alisimama mbele ya waumini wake akatoa hotuba ya kumshukuru Mungu kwa nchi inayowapa Wayahudi haki sawa na raia wengine. Abraham Lincoln aliitangaza upya mwaka 1863, na mwaka 1941 Bunge likaipitisha rasmi kuwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Kwa maneno mengine, Wayahudi wa Marekani wameiadhimisha tangu siku ile iliyotangazwa na Washington. Familia nyingi za Kiyahudi huipenda kwa sababu ni siku ya kula na jirani yeyote bila mtu kulazimika kuuliza sala ni ya nani.

Rafiki yako amesikia kipande cha jambo la kweli. Torati, katika Mambo ya Walawi 18:3, inawakataza Waisraeli kufuata desturi za mataifa mengine, na marabi wa Marekani walijadiliana kama siku hii inaingia humo. Rabi Yitzchak Hutner aliipinga. Rabi Moshe Feinstein aliona si sikukuu ya dini, kwa hiyo kula mlo siku hiyo kunaruhusiwa, ila akaonya mtu asiigeuze kuwa wajibu kama amri ya Mungu. Rabi Joseph Soloveitchik aliiruhusu. Wapo washika dini ambao mpaka leo hawaiadhimishi. Lakini wifi yako na mumewe wameshakubali kuja, na hilo limekwisha kukujibu. Achana na maneno ya kazini.

Sasa njoo jikoni, na nianze na bata mzinga maana ndiye atakayekugharimu. Nyama ya halali haiwi kosheri. Najua inauma, kwa sababu Waislamu wengi hula nyama ya kosheri wakikosa ya halali, na mtu hudhani njia hiyo hupitika pande zote mbili. Haipitiki. Mchinjaji wa kosheri lazima awe Myahudi aliyesomea kazi hiyo, na kisu chake hukaguliwa ukingo mzima, kwa sababu pengo dogo tu kwenye makali linaiharibu nyama. Baada ya kuchinja, nyama hulowekwa majini kama nusu saa, hupakwa chumvi nene kila upande na kuachwa saa moja ikivuja, kisha husuuzwa mara kadhaa. Lengo la chumvi hiyo ni kuvuta damu, kwa kuwa Torati imekataza damu kuliwa. Bata mzinga wa duka la halali amechinjwa kwa uangalifu wa dini nyingine, lakini hatua hizi hakuzipitia, na wewe huwezi kuzifidia nyumbani.

Kwa hiyo utanunua bata mzinga wa kosheri aliyefungwa kiwandani akiwa na alama ya shirika la usimamizi. Yuko katika maduka makubwa mengi ya New Jersey, hasa kwenye miji yenye Wayahudi wengi, na bei yake iko juu, jiandae. Mambo mawili yatakushangaza ukimfungua. La kwanza ni vishina vya manyoya kwenye mabawa na karibu na mkia. Kwetu kuku akishachinjwa humwagiwa maji ya moto ndipo ananyonyolewa, manyoya yanatoka bila shida. Kwa kosheri maji ya moto ni mwiko kabla ya chumvi, kwa sababu joto lingeigandisha damu ndani ya nyama. Hunyonyolewa kwa maji baridi, na vishina hubaki. Chukua kibanio, kaa karibu na dirisha, uving'oe kimoja kimoja. Ni nusu saa ya kazi. La pili ni chumvi. Ndege huyu amekwisha kutiwa chumvi. Mapishi ya Kimarekani yatakuambia umloweke usiku kucha kwenye maji ya chumvi, nawe usithubutu. Mpake mafuta, pilipili manga, kitunguu saumu na ndimu, basi. Chumvi onja kwenye mchuzi mwishoni.

Kwa watu kumi na wawili, ndege wa kilo 7 anatosha na kubaki. Akiwa wa barafu huhitaji siku 3 hadi 4 kuyeyuka ndani ya friji, hivyo mtoe kwenye barafu siku nne kabla ya kumpika. Ameiva pale kipimajoto kikichomwa kwenye paja bila kugusa mfupa kinaposoma nyuzi 74 za Selsiasi.

Suala la pili ni maziwa, na hapa ndipo menyu yako ina mashimo mengi. Torati imerudia mara tatu kwamba usimtokose mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, na kutokana na hapo sheria ya Kiyahudi imetenga nyama na maziwa kabisa: havipikwi pamoja, haviliwi mlo mmoja, na vyombo vyake ni tofauti. Marabi wa kale waliwaweka na ndege humo humo, kwa hiyo usijitetee kwamba bata mzinga hanyonyeshi. Viazi vya kuponda vyenye siagi haviwezi kukaa kwenye meza hiyo. Wala boga la kuoka lenye krimu, wala kahawa ya maziwa mwisho wa mlo, maana baada ya nyama wengi husubiri saa sita ndipo waguse maziwa. Wenye asili ya Ujerumani husubiri tatu, na Waholanzi moja.

Na samli, dada. Watu wa Pwani tunaweza kuitia samli kwenye pilau bila hata kukumbuka kuwa ni maziwa. Mkono wako utaifuata wenyewe. Itoe jikoni siku hiyo, iweke mbali.

Habari njema ni kwamba tatizo hili linawatesa Wamarekani kuliko wewe. Wao wakinyimwa siagi na krimu hukosa la kufanya. Wewe umekulia kwenye tui. Tui la nazi kwao huitwa pareve, yaani chakula kisicho cha nyama wala cha maziwa, kinachoweza kukaa upande wowote. Viazi vitamu vilivyochemshwa kwa tui zito, iliki na sukari kidogo vitachukua nafasi ya vile viazi vitamu vyao vya kuoka, tena hutahitaji zile peremende laini nyeupe wanazoweka juu, ambazo mara nyingi zina jelatini ya nguruwe. Boga la kuoka kwenye ganda la unga hukubali tui badala ya krimu vizuri sana. Viazi vya kuponda vitie mafuta ya zeituni na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa kahawia. Weka kopo la tui lionekane mezani au kaunta ya jikoni: mgeni mshika dini akiona mchuzi mweupe karibu na nyama atashtuka, na ni desturi ya zamani kuonyesha weupe huo umetoka wapi.

Dukani soma alama, usisome maneno. Mduara wenye herufi U ndani yake ndio utakaouona zaidi, na kuna mashirika mengine yanayoaminika. Ikifuatiwa na D, kitu hicho kina maziwa au kimetengenezwa kwenye mitambo ya maziwa. Ikiandikwa Pareve, uko salama. Ukiona P peke yake, hiyo ni kwa ajili ya Pasaka ya Kiyahudi, na wageni wengi wa mambo haya hukosea hapo. Uangalie hasa majarini, vidonge vya supu, na ule unga mweupe wa kahawa unaojiita si wa maziwa: wa hapa Marekani mara nyingi una protini ya maziwa na ndiyo maana hupewa D. Maganda ya kuokea yaliyo tayari nayo yanaweza kuwa na mafuta ya nguruwe. Mkate unaojazwa ndani ya ndege usiwe na siagi wala maziwa.

Pilau lako usiliache. Kwa maoni yangu ndilo litakalokumbukwa. Nyama iwe ya kosheri, mafuta yawe ya mboga yenye alama, na viungo vizima vya mdalasini, iliki, karafuu, binzari nyembamba na pilipili manga havina shida. Kaanga vitunguu mpaka viwe vyeusi kama kawaida yako. Dania ndiyo ya kuangaliwa. Wadudu wamekatazwa na Torati, na washika dini hukagua majani tawi kwa tawi chini ya taa. Ama uiache kabisa, ama umpe mama mkwe kazi hiyo. Atafurahi kukaa jikoni na wewe.

Samaki wa kupaka naye anawezekana, kwa masharti. Samaki wa kosheri ni yule mwenye mapezi na magamba yanayobanduka bila kuchana ngozi. Changu anafaa, tilapia anafaa. Kambare hafai, papa hafai, na kamba, kaa, ngisi, pweza na chaza usiwafikirie. Nunua samaki mwenye ngozi yake ili magamba yaonekane, tena kwenye duka la kosheri, kwa sababu kisu na ubao wa muuza samaki wa kawaida umepitiwa na kila kitu. Halafu samaki na nyama haviliwi pamoja kwa desturi ya washika dini wengi, ingawa samaki si nyama kwa sheria yao. Mtangulize samaki peke yake, kwa sahani ndogo na uma zake, ukavitoe, watu wanywe maji, ndipo ulete bata mzinga. Hilo linakupa mlo wa mikupuo miwili, na kupaka kwako kutapata heshima yake badala ya kufunikwa na ndege mkubwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na ndilo kubwa kuliko yote: jiko lako. Umesema mumeo anakula chochote, kwa hiyo naamini oveni yenu imewahi kuoka kila kitu. Kwa sheria ya Kiyahudi, chombo kilichopikiwa kwa moto hunyonya ladha ya kilichopikwa, na kikipata moto tena hukirudisha kwenye chakula kipya. Ni kama mtungi uliowahi kutiwa mafuta ya taa: hata uoshe vipi, huwezi kuweka maji ya kunywa ukasema ni sawa. Maana yake ni kwamba bata mzinga wa kosheri wa bei ghali, akiingia kwenye sinia lako la zamani ndani ya oveni yako kama ilivyo, ametoka kwenye kosheri pale pale. Na wifi yako atalijua hilo kabla hajavua koti.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kuagiza chakula kilichopikwa na mpishi wa kosheri, kikaja kimefungwa kwa karatasi ya alumini mara mbili na lakiri ya msimamizi. Unakipasha moto katika oveni yako bila kukifungua, unakifungua mbele ya wageni, wanakula kwa sahani za kutupa. Ni salama na hakuna mtu atakayekuwa na shaka, lakini ni ghali, na pilau lako halipo.

Ya pili ni kuligeuza jiko lako kuwa kosheri. Inawezekana: oveni husafishwa, huachwa saa 24 bila kutumika, kisha huchomwa kwa joto lake la juu kabisa, na unanunua masufuria mapya au masinia ya alumini ya kutupa. Ila aina za oveni na majiko hutofautiana, na hapa usifuate maelezo yangu wala ya mtu yeyote wa mbali. Mwite rabi wa sinagogi ya wifi yako aje alione jiko kwa macho yake. Wengi hufanya kazi hii kwa moyo mweupe. Kama hamna nia ya kuendelea na kosheri baada ya sikukuu, naona ni gharama kubwa kwa mlo mmoja.

Ya tatu ndiyo ningeichagua mimi. Mpigie mama mkwe umwombe mpike wote wawili jikoni kwake, siku ya Jumatano. Nyumba yake ni ya kosheri tayari, vyombo vya nyama anavyo, na wifi yako anamwamini. Bata mzinga, samaki, pilau, viazi na boga vyote vipikwe huko. Siku yenyewe mnaweza kuleta chakula kwenu kikiwa kimefungwa mara mbili, au mkahamishia mlo wote kwake wewe ukiwa mpishi mkuu. Hutapungukiwa na kitu kama mwenyeji. Mkwe anayeingia jikoni kwa mama mkwe akamwambia "mama, nifundishe ya huku nikuonyeshe ya kwetu" hajawahi kuaibisha mtu.

Ukipika kwake kuna sheria moja nataka uisikie kwangu kwanza. Chakula kinachostahili meza ya heshima, na ambacho hakiliwi kibichi, hutakiwa Myahudi awe ameshiriki kukipika. Kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya inatosha Myahudi awashe moto. Wenye asili ya Uhispania na nchi za Kiarabu hutaka Myahudi aweke sufuria jikoni kwa mkono wake. Kwa hiyo mama mkwe atawasha jiko, labda ateleke na sufuria, kisha wewe utaendelea kupika kama kawaida. Sheria hiyo ilitungwa zamani sana ili jamii ndogo isipotelee kwa majirani kupitia chakula na ndoa. Wewe uliyeolewa ndani ya familia hiyo inaweza kukuchoma ukiisikia, na sitakuambia isikuchome. Lakini mama huyo anapowasha moto ili wewe upike, anakufungulia mlango ili chakula chako kiliwe na binti yake pia. Na washika dini kama wifi yako huwa na uzito mkubwa juu ya ndoa za mchanganyiko. Kukubali kuja kukaa mezani kwako si jambo dogo kwa upande wao.

Divai waachie wao. Washika dini hawanywi divai ya kawaida, na hata ya kosheri ina masharti juu ya nani anaimimina, isipokuwa ile iliyopashwa moto kiwandani. Mwambie shemeji alete chupa na amimine mwenyewe.

Usitupe vifungashio. Karatasi ya bata mzinga, kopo la tui, chupa ya mafuta, pakiti ya nyama ya pilau, viache vyote kwenye kaunta mpaka wageni waondoke. Wifi yako akiuliza kitu, mwonyeshe. Na kama uliteleza mahali, tuseme kijiko cha samli kiliingia au mwiko wa nyumbani ukachanganyika, sema mapema kabla watu hawajala. Mama mkwe atajua la kufanya au atampigia rabi. Hilo hutokea hata katika majiko makubwa yenye wasimamizi, na lina taratibu zake. Ukinyamaza, likaja kujulikana baadaye, hawatakula tena kwako.

Ombi langu la mwisho ni kwamba simu ya kwanza kwa wifi ipigwe na mumeo, wiki hii. Ni dada yake, na baadhi ya maswali ni mepesi kati ya ndugu: mnasubiri saa ngapi baada ya nyama, mnafuata alama za shirika gani, mtakula kwa sahani za kutupa, mnahitaji kuondoka saa ngapi. Kama wanatoka mbali na wanalala kwenu, Ijumaa yake Sabato huingia kabla jua halijazama, na mwishoni mwa Novemba New Jersey jua huzama karibu saa kumi na nusu jioni, nao hawasafiri siku ya Sabato, kwa hiyo wawe wameondoka mapema. Kama mumeo na dada yake hawana maelewano mazuri juu ya dini, na nimeona familia ambazo chakula ni mahali tu ugomvi unapotokea, usibebe wewe mzigo huo kwa kupika zaidi. Waketi na rabi wanayemheshimu wote, au na mshauri wa familia, kabla ya Novemba.

Na ikiwa baada ya yote haya wifi na mumewe watakuja na vyombo vyao vya chakula vilivyofungwa, wapokee, wapangie nafasi nzuri mezani, na uwape matunda mazima wajikatie kwa kisu chao. Wengine huchukua mwaka mmoja au miwili ndipo wale kwa mtu. Mwakani mwambie mama mkwe mapema zaidi.